Mwenye Sindano Zake Hafumiwi

Kwaya yetu ya usharika ilikuwa na waimbaji thelathini na mmoja, wakubwa kwa watoto. Thelathini walivaa masweta yaliyofumwa na Mwalimu wa Kwaya kwa mikono yake mwenyewe. Wa thelathini na moja, yule aliyesimama mstari wa mbele mwezi wa saba meno yakigongana ndani ya koti la kuazima, nilikuwa mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinisikia ninavyomsifu mzee yule hudhani alinipendelea. Thubutu! Alininyima, tena alininyima kwa kanuni, na mimi nikakaa na kijiba cha roho kwa zaidi ya miaka thelathini. Kijiba hicho ndicho kilichonifanya fundi wa sindano, na kwa kuzungukazunguka kikanifanya mwandishi wa vitabu. Lakini sweta lake nililitaka. Nimeandika vitabu sita, nimefuma masweta nisiyoyajua idadi, na bado nilikuwa nalitaka sweta moja tu la Mwalimu wa Kwaya, kama mtoto anavyotaka pipi ya mwenzake.

Alikozaliwa sikujui. Alikuja na chai, kama walivyokuja wengi wa kule kwetu juu ya Mponde, watu wa kila kabila na kila dini walioshuka kwenye malori na vigodoro vyao, wakakuta ukungu, wakakaa. Wengine walisema yeye ni wa Njombe, wengine wakashikilia Kigoma. Akiulizwa mwenyewe alijibu, "Mimi ni wa besi." Basi, mjadala umefungwa. Na hata hilo halikuwa kweli, maana sauti yake haikuwa besi wala kitu kingine chochote kinachojulikana kanisani. Ilikwaruza kama debe linaloburutwa juu ya changarawe. Alikuwa na masikio ya ajabu, alisikia mtu mmoja akikosea katikati ya thelathini, lakini akifungua kinywa kutuonyesha noti sahihi tulilazimika kuangalia chini ili tusicheke. Kishambaa alijifunza kwa akina mama wachuma chai, akajifunza salamu ya asubuhi tu, akaridhika nayo. Aliwaamkia watu "onga makeo" mpaka jua linazama, na wao wakamwitikia "niwedi" kwa heshima zote, kisha wakacheka hadi nyumbani.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa ukarani wa mizani kwenye banda la kupokelea majani mabichi. Akina mama wakija na vikapu vyao anapima, anaandika, halafu wote wanasubiri lori. Lori la majani lina tabia zake: linaweza kuja saa nane, linaweza kuja saa kumi na mbili, linaweza kuteleza kwenye kona ya chini na lisije kabisa. Mwalimu alikuwa anafuma wakati huo wa kusubiri. Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe mpaka zikang'aa, na uzi aliupata gulioni, kwenye marundo ya mitumba. Alikuwa anachagua yale masweta makubwa ya Ulaya ambayo hakuna Mshambaa angeyajaza, anayafumua usiku na mchana, anaufua uzi, anauanika kwenye ua wake. Ukipita pale ukakuta ua mzima una nyuzi za bluu, nyekundu na rangi ya haradali zinapepea, ungedhani kuna sherehe.

Wanaume wa kiwandani walimtania sana mwanzoni. Mwanamume na sindano! Walimwita bibi harusi, wakamuuliza lini anajifungua, maana kufuma vijisweta ni kazi ya mama mjamzito. Yeye hakuinua kichwa. "Baridi haiulizi kama wewe ni mwanamume," alisema, akaendelea na mstari wake. Mwaka ule mvua za vuli ziliunganika na za masika, ukungu ukakaa wiki tatu bila kupisha jua, na wanaume walewale wakaanza kuja mmoja mmoja bandani, kila mmoja akijifanya amekuja kuangalia mizani. Wakatoka wamepimwa.

Sasa niieleze hiyo kanuni. Nilikuwa na miaka tisa, nimempelekea mama uji bandani, nikamkuta Mwalimu anafuma mkono wa sweta. Nikasimama nikaangalia. Nilisimama mpaka uji ukapoa na mama akaniita mara tatu. Mwalimu alichomoa spoku mbili fupi kutoka mfuko wa koti, akanipa donge la uzi wa rangi ya haradali, akaanza kunionyesha. Kitanzi cha uso, kitanzi cha mgongo. Uso, uso, mgongo, mgongo. Nilirudi kesho, na keshokutwa, na siku iliyofuata, na kila siku nilijiona mtu mkubwa zaidi kuliko jana. Wiki ya tatu nikamletea kipande changu cha kwanza, kipana kama kiganja. Alikipapasa, akakigeuza, akakivuta huku na huku.

"Vizuri sana," akasema. "Basi wewe nimekutoa kwenye orodha."

"Orodha gani, Mwalimu?"

"Ya masweta ya kwaya. Mwenye sindano zake hafumiwi."

Nililia njia nzima ya kwenda nyumbani, sindano mkononi. Wenzangu wote wa sauti ya pili walikuwa wanasubiri masweta yao ndani ya mwezi ule, yenye ukosi wa kijani kama mche wa chai, na mimi niliyejipendekeza kujifunza ndiye niliyekosa. Mama alikwenda kunitetea. Alisimama mbele ya mizani amevaa kitenge chake kizuri, jambo alilolifanya kwa msiba na kwa ofisi tu.

"Mwalimu, shikamoo. Mtoto ana baridi."

"Marahaba, mama. Mtoto ana sindano."

Hapo hapakuwa na rufaa. Ilinibidi nijifumie mwenyewe, na nilijifumia kwa hasira. Mkono wa kushoto ulifika kwenye goti, wa kulia uliishia kwenye kiwiko, na kichwa kilipita kwa taabu hivi kwamba Jumapili nilikuwa navalishwa na watu wawili. Mwalimu aliliangalia sweta lile kwa makini sana, kama daktari. Akasema, "Linalofuata litakuwa na mikono miwili." Na kweli lilikuwa nayo.

Sijawahi kuelewa kama alikuwa mpole au mkali. Alitufundisha uvumilivu na yeye mwenyewe hakuwa nao. Mtu wa sauti ya tatu, ile ya tena, akikosea noti mara mbili, Mwalimu alikuwa anamrushia donge la uzi. Halikuumiza, lakini lilikuwa linafunguka njiani, likapita chini ya mabenchi, likazunguka miguu ya madhabahu, na mkosaji alilazimika kulikunja upya huku wenzake wanaendelea kuimba. Alikuwa na mwimbaji mmoja wa tena, fundi wa viatu, ambaye alikunja uzi mwingi sana kwenye kwaya ile mpaka akaishia kuwa mkunjaji hodari kuliko sisi wote. Mwalimu alihubiri dhidi ya majivuno kuliko hata Mchungaji, lakini siku ya gulio ungemkuta anazunguka bila kununua kitu, anaangalia migongo ya watu. Akiona sweta lake, humsimamisha aliyelivaa, humgeuza kama nguo iliyo dukani, huvuta pindo, hunyoosha bega, halafu humwachia bila hata kumwambia kwaheri. Watu walizoea. Wageni walidhani wanakaguliwa na polisi.

Kisa ambacho mpaka leo husimuliwa misibani ni cha mzee mmoja aliyekuja kwenye maziko akiwa amevaa sweta la Mwalimu lenye kitanzi kilichochomoka mgongoni. Mahubiri yamekolea, watu wameinamisha vichwa, Mwalimu kamwona. Alisogea benchi kwa benchi mpaka akakaa nyuma yake, akatoa spoku moja, akaanza kuziba. Mzee wa watu alihisi kitu kinamtambaa mgongoni na hakuthubutu kugeuka kwa heshima ya marehemu. Alikaa wima kama mlingoti hadi "amina". Alipogeuka akakuta ni Mwalimu anakata uzi kwa meno.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," Mwalimu akamnong'oneza, akarudi kwenye benchi lake.

Yeye mwenyewe hakuwa na sweta. Hilo lilitushangaza wote. Alivaa jaketi moja la nailoni la mtumba, jekundu, zipu imekufa, na kwenye baridi ya mwezi wa saba alifunga kamba kiunoni. Ukimuuliza alisema, "Mganga hajigangi." Nilikuwa nasema moyoni: kumbe kanuni yako ni mbaya hata kwako, mzee. Wewe una sindano, kwa hiyo hakuna wa kukufumia, na mikono yako haina nafasi ya mtu wake. Nikaapa kwamba siku moja nitamfumia yeye. Kama siwezi kuvaa lake, basi avae langu.

Jambo ambalo lilimtofautisha na wafumaji wote niliowahi kukutana nao ni jinsi alivyoandika. Alikuwa na madaftari mawili makubwa ya kaunta, yote mawili kayafunika kwa karatasi ya kalenda ileile. Moja lilikuwa la nyimbo, limejaa zile herufi ambazo kila mwanakwaya anazijua: d, r, m, f, s, l, t. La pili lilikuwa la masweta, na lilijaa herufi zilezile. Mwalimu hakujua njia nyingine ya kuandika jambo lenye mpangilio. Kitanzi cha uso alikiandika "d", cha mgongo "s", kuunganisha viwili kuwa kimoja "m", kuongeza kimoja "f". Kwa hiyo kila sweta lilikuwa na tuni yake, na alikuwa analiimba anapofuma. Pindo lilikwenda do do so so, do do so so, bila kuchoka. Akina mama bandani walijua kwa kusikia tu amefika wapi. "Leo Mwalimu yuko kwenye ukosi," walisema, na kweli alikuwa kwenye ukosi.

Mnaona tayari ajali inakotokea. Ilitokea Malindi, hii ya kwetu milimani, si ile ya pwani, kwenye mashindano ya kwaya, nikiwa na miaka kumi na sita.

Wiki mbili kabla ya mashindano Mwalimu aliteremka Mnazi kumwoza binti yake kwa mkulima mmoja wa huko tambarare. Akaacha maagizo: kila kiongozi wa sauti anakili nota za kundi lake kwenye manila, wafanye mazoezi peke yao. Mama kiongozi wa sauti ya pili akaenda nyumbani kwa Mwalimu, akachukua daftari lenye karatasi ya kalenda, akafungua ukurasa ulioandikwa juu yake "II", akanakili kwa mwandiko mzuri. Sauti ya pili wakafanya mazoezi kwa bidii siku kumi na tatu. Hakuna aliyeshuku chochote. Maneno yalikaa kwenye nota vizuri tu, na nota zenyewe zilikuwa rahisi, jambo walilolichukua kama neema.

Mimi nilikuwa shule ya bweni, nikapata ruhusa Jumamosi ileile, nikaungana nao Malindi uwanjani dakika chache kabla ya kupanda jukwaani. Nikapewa manila. Mwalimu naye alifika kwa lori la mkaa, vumbi la Mnazi bado liko kwenye nyusi, akasimama mbele yetu, akainua mikono. Tukaanza. Nikaimba mstari wa kwanza na vidole vyangu vikaanza kucheza vyenyewe. Do do so so. Do do so so. Nikatazama ile "II" na nikaelewa kwamba maana yake ni sweta namba mbili. Sisi akina mama na mabinti kumi wa sauti ya pili tulikuwa tumesimama mbele ya waamuzi, wachungaji na kwaya tisa za milimani, tunaimba pindo.

Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa amesikia kabla yangu. Macho yamemtoka, mikono inaendelea kupiga mapigo kwa sababu ilikuwa imezoea, na midomo inahesabu. Alijua tunakokwenda, na mimi nilijua. Ubeti wa kwanza pindo. Ubeti wa pili tukapanda kifuani, do do do do, noti moja kama mashine ya kusaga. Ubeti wa tatu ungekuwa kwapa. Kwenye kwapa sweta hupunguzwa kila mwisho wa mstari, na kweli, kila mwisho wa mstari sisi kumi tukapaza "mi!" kwa pamoja, wengine wote wakiwa wametulia. Mi! Nilidhani nitakufa kwa kicheko. Mwalimu akaniona nakaribia kupasuka, akanikunjia uso, na nikaona mkono wake wa kushoto umeacha kuongoza na unashika sindano isiyokuwepo. Tukamaliza ubeti wa nne. Tukafunga ukosi. Uwanja ukapiga makofi.

Tukawa wa pili. Mwamuzi mkuu aliposoma maoni alisema sauti ya pili imejengwa kwa ustadi na ina msimamo usioyumba. Mama kiongozi akapokea pongezi kwa machozi. Mwalimu alikaa kimya kwenye lori, kimya, kimya, tumepita mashamba ya kabichi, tumeingia msitu wa Magamba, na hapo katikati ya miti ndipo kicheko kilipomtoka. Alicheka mpaka akashika bomba la lori kwa mikono miwili. Nilipowaeleza wengine sababu, lori zima likacheka, na mama kiongozi alikasirika kwa muda wa kona mbili tu kisha akacheka kuliko wote. Kwaya yetu inauimba wimbo ule hivyohivyo mpaka leo. Walijaribu kurudisha sauti ya pili ya zamani, ikaonekana haina mwili.

Namshukuru kwa hayo kuliko ninavyomshukuru mwalimu yeyote wa lugha. Tangu siku ile siwezi kukaa bila kitu mikononi. Nimejaribu kila kazi ya mkono niliyoikuta. Nimedarizi mito ya makochi mpaka wageni wakakosa pa kuegemea. Nimefuma vitambaa vya meza, vya redio, vya televisheni, na kimoja cha mtungi wa gesi ambacho mume wangu aliniomba kwa upole nikitoe. Kwa mwanamke mmoja mfinyanzi nilijifunza udongo, nikatoa chungu kilichovuja pande zote kwa usawa. Lakini hurudi kwenye sindano. Kitabu kikinigomea huweka kalamu chini na kufuma mistari ishirini, na mara nyingi sentensi hujileta yenyewe ikinikuta nahesabu. Kufumua pia nimekuzoea. Sura nzima nikiona imekosewa huku chini, naivuta yote, sioni haya. Wahariri wangu hushangaa. Sijawaambia kwamba nilirushiwa madonge ya uzi nikiwa mdogo.

Miaka ikaenda. Mwalimu alistaafu mizani, akabaki na kwaya, halafu mtoto wa jicho akamfunika macho yote mawili, na binti yake akaja kumchukua akaishi naye Mnazi. Fikiria mtu huyo Mnazi! Tambarare, joto, mpunga na mkonge, mahali ambapo neno sweta husikika tu redioni. Nilipopata habari nilikuwa naishi Lushoto mjini, nina kitabu cha kumaliza. Nikakiweka pembeni. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kwamba mzee atakufa kabla sijamvika kitu, na mimi nitakufa sijavaa kitu chake. Nikaanza kumfumia sweta, uzi mzuri mpya wa sufu, kijivu, ukosi wa kijani. Nilifuma miezi saba. Nilipofika kifuani niligundua kwamba kwenye mgongo, mistari michache tu juu ya pindo, nilikuwa nimekosea vitanzi vinne. Ungelazimika kutafuta ili uvione. Sweta hufumuliwa kutoka juu, kwa hiyo kosa la chini ni la kubomoa kila kitu. Nilikaa nalo mapajani jioni nzima. Nikaamua mzee haoni, na nikaendelea.

Nikapanda basi la asubuhi, tukapita Mlalo, tukaanza kuteremka, na kila kona joto likaongezeka. Konda aliponiuliza kuna nini kwenye kifurushi nikamwambia sweta. Akawatangazia abiria. Nilifika nikiwa maarufu.

Binti yake alinipokea uani, akanipa maji, akaona kifurushi.

"Dada yangu, sweta? Mnazi hii?" Akapiga makofi akicheka. "Wenzio tunalala nje kwa joto!"

"Ni la baba."

"Haya. Baba yuko pale, anagombana na katani."

Mwalimu alikuwa kwenye kigoda upenuni, amekonda, ameweka magotini uzi wa mkonge. Uzi wa sufu haupatikani Mnazi, nani auuze, kwa hiyo alikuwa anafuma katani kwa spoku zake. Alishamaliza mfuko mmoja. Ulisimama wenyewe kama ndoo, na kuku alikuwa anatagia humo.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akainua kichwa, akageuza sikio.

"Marahaba. Sauti ya pili," akasema. "Umechelewa mazoezi."

Nilicheka. Nikapiga magoti, nikamwekea sweta mikononi. Nikamwambia nimelifuma kwa ajili yake, kwamba najua kanuni, lakini macho yake hayafumi tena sufu na kanuni inaweza kupumzika. Vidole vilikuwa vimeshaanza safari. Alishika pindo, akaanza kulisoma kitanzi kwa kitanzi, akiliimba kwa sauti ile ile ya debe, sasa imezeeka zaidi. Do do so so. Do do so so. Binti yake aliacha kuchambua mchele akasikiliza. Mzee akamaliza pindo, akapanda mstari wa kwanza wa mgongo, wa pili, wa tatu. Akasimama. Akarudi nyuma, akaimba tena, akasimama palepale.

"Hapa uliimba do nne mahali pa so nne."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulijua?"

"Nilijua nilipofika kifuani."

"Na hukufumua."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, mtoto?"

"Niliogopa kukukosa."

Vidole vikapanda hadi kwenye ukosi, vikatafuta fundo nililolificha kwa ndani, akalifungua kwa meno mawili yaliyobaki, akavuta. Ukosi wa kijani ukaanza kwenda. Trrrr, mstari wa kwanza, mstari wa pili.

"Baba!" Binti akaruka. "Mgeni katoka Lushoto na sweta lake, wewe unalibomoa?"

"Lete mikono," Mzee akaniambia. Nikanyoosha mikono yote miwili mbele yake naye akaanza kunizungushia uzi. Miezi yangu saba ilinijia viganjani mduara kwa mduara, na jasho likinitiririka, na sikujua kama ninalia au ninacheka. Nadhani nilifanya vyote viwili. Yeye alikuwa amechangamka sana. Alivuta ule uzi laini kama mtu aliyekula makavu mwaka mzima na sasa kapata mchuzi.

"Mwambie binti yangu ukweli," akasema huku anavuta. "Mtu akiona kosa akalipita, anajua kufuma au hajui?"

Nilikuwa na miaka arobaini na saba na swali lile lilinichoma kama nina tisa.

"Hajui, Mwalimu."

"Hajui. Huyu hajui kufuma kabisa." Akasukuma katani pembeni kwa mguu, kuku akakimbia. Akachomoa spoku zake, akazifuta kwenye suruali. "Na asiyejua kufuma ana baridi, maskini. Huko Lushoto atakufa. Simama nikupime."

Nikasimama pale uani Mnazi, jua la saa saba utosini, mikono nimeinyoosha kama mtoto. Akaja akipapasa hewani mpaka akanipata, akapima kwa shubiri kutoka bega hadi bega, akakosa, akaanza upya, akakosa tena, kwa sababu sikuweza kutulia.

"Ukicheka hivyo mabega yanapanda," akafoka. "Nitafuma sweta la mtu anayecheka."

Nikamwambia afume hilohilo.